Bata Mvivu Hana Koromeo

2 Februari

Mpwa wangu, kipenzi cha mjomba,

Pokea salamu nyingi, na nyingine umpe dada yangu, ingawa najua atasema zimechelewa. Mimi mzima. Magoti yananung'unika kila jioni, lakini kinyozi hakai, anayekaa ni mteja, kwa hiyo tunavumiliana hivyo hivyo.

Kabla hujauliza kwa nini sipigi simu: sikio la kulia mashine ya kunyolea imeshalimaliza, na la kushoto nalitunza kwa ajili ya wateja. Halafu tangu enzi za babu yako, kwetu jambo la maana huandikwa. Simu ni ya "umefika?" na "umekula?" basi.

Dukani kazi ipo. Kioo kikubwa kimeongeza ufa, sasa umefika pale mteja anapotazama kidevu chake, na kila anayekaa anajiona ana midomo miwili. Mmoja akaniambia, "Bwana, mke wangu ana mdomo mmoja na unanitosha, wewe unaniongezea wa kwangu?" Naweka akiba ya kioo kipya kwenye kopo la poda, kidogo kidogo.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ule mchezo wa karata, poka, ulionitilia kwenye simu ulipokuja msibani. Siku unaondoka uliniambia, "Mjomba, ukishafunga duka uwe unacheza kidogo, upoteze mawazo." Mpwa, mawazo hayajapotea, yameamka! Nashinda mpaka naona haya. Nakaa ile meza ya watu wawili, ya sarafu za bure, na siku hizi nacheza na mtu mmoja tu. Anajiita Bata Mvivu, picha yake ni bata aliyevaa miwani. Mimi ni Wembe. Akiingia ananitumia picha ya ua, nami namrudishia ya kofia, kisha namnyoa.

Unataka siri yangu? Maisha yangu yote nimeshika shingo za watu. Mtu akitaka kukudanganya, koromeo linapanda kabla mdomo haujafunguka. "Nitakulipa kesho": koromeo juu. "Mimi ndiye ninayeamua nyumbani kwangu": koromeo juu kabisa. Huyo Bata simwoni, ila nimeshamsoma. Akichelewa kuweka sarafu, anaogopa. Akiweka haraka, anaogopa zaidi. Ni mwanamume wa makamo, karani mahali fulani, na mkewe hamsikilizi. Namhurumia sana.

Mjomba wako,
Wembe mwenyewe

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mama anasema salamu zimechelewa, kama ulivyotabiri, na anauliza unakula nini na nani anakupikia. Nikamwambia unajipikia. Akasema, "Basi hali."

Yale meno ya bandia ya chini niliyomtengenezea mwenyewe hapa karakanani yamekuwa mtihani. Nimechukua vipimo upya, nimemwaga plasta upya, nimekwangua hapa na pale, bado yanagongana akiongea. Daktari wa meno, bosi wangu, akaniambia nimshauri aongee polepole. Nikamwambia daktari, "Wewe mshauri." Mpaka leo hajamshauri.

Nimefurahi sana kusikia unacheza na unashinda. Mjomba, nimefurahi kweli, usidhani natania. Nilipofika pale kwenye karani na mkewe nilicheka mpaka nikaharibu nta ya jino la mtu. Una hakika Bata ni mwanamume?

Na hujaniambia unafunga duka saa ngapi siku hizi, na kama bado unarudi nyumbani kwa njia ile mliyokuwa mkipita na marehemu mkaza mjomba. Nauliza tu.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, tena mara mbili, ya pili uiweke akiba. Mwambie dada yangu nakula, na nimenenepa upande mmoja. Asiulize upande gani.

Meno ya mama yako hayana kosa. Nimekua naye nyumba moja, najua. Hata yale aliyozaliwa nayo yalikuwa hayapati nafasi ya kupumzika.

Njia uliyouliza ipo, haijahama.

Bata ni mwanamume, hilo usibishane na mtu wa fani. Mwanamke hawezi kuwa mwoga namna ile. Juzi nilimtishia nikiwa na karata mbovu kabisa, mbili na saba, takataka. Nikaweka sarafu zangu zote mezani, akatupa karata zake akakimbia! Nilisimama peke yangu dukani nikajipigia makofi. Ila nakwambia wewe tu: mara nyingine namwachia. Jioni moja nilishika wafalme wawili, nikawatupa makusudi ili na yeye apate. Nikaona, maskini, ametoka kazini, bosi kamfokea, mke kamnunia, na mimi tena nimkate? Akanitumia maua matatu. Nilifurahi kuliko kama ningeshinda.

Sasa sikiliza, na usimwambie mama yako kwanza. Mkataba wa chumba cha duka unaisha mwisho wa Mei. Mwenye nyumba anataka kujua kama nabaki. Siku zote nilikuwa nasema nabaki kabla hajamaliza swali. Safari hii nimemwambia anipe muda. Nimefikiri hivi: mtu mwenye kipaji kama changu anasimama kutwa na magoti haya kwa sababu gani? Kuna meza za pesa kweli humo humo kwenye simu. Watu wanaishi kwa hizo. Na mimi mpaka leo sijakutana na aliyenishinda.

Mjomba

29 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ana mafua kidogo lakini anaendelea vizuri, jana amegombana na muuza mkaa na ameshinda. Mimi kazi imenizidi, wiki hii kila mtu kaamua kuvunja meno.

Barua yako nimeisoma kwenye benchi la kazini, nikaisoma tena nyumbani. Mjomba, duka usiliache. Nakuomba. Najua si kawaida mpwa kumwekea mjomba neno, lakini pale ndipo unapojulikana. Kile kiti cha chuma ulipewa na aliyekufundisha kazi. Nusu ya mtaa imelia juu yake utotoni, na mimi nikiwemo, siku uliyoninyoa chawa. Magoti yanauma, sawa, tafuta kigoda kirefu. Lakini duka libaki.

Na hizo karata. Kushinda mtu mmoja si kushinda watu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ukinyoa kichwa kimoja kila siku utajua kichwa hicho tu. Jaribu kwanza meza ya watu sita, hizo hizo sarafu za bure, bila Bata. Uone. Na kuhusu koromeo: kwenye simu hakuna shingo, Mjomba. Bata hana koromeo. Ulichonacho ni picha ya bata na miwani, na hata hiyo miwani huenda si yake.

Nilikupigia Jumapili. Ulisema "subiri nina mteja," kisha ukacheka jambo na huyo mteja, ukanisahau hewani. Nilikuwa na la kukuambia, lakini nikikusikia unacheka nashindwa.

Nakupenda. Usinichukie kwa barua hii.

Mpwa wako

17 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Pole kwa mafua ya mama yako, na pole zaidi kwa muuza mkaa.

Umeanza kufanana na dada yangu, na si kwa sura.

Nimejaribu meza ya watu sita kama ulivyotaka. Wale hawajui kucheza, ndiyo maana wananishinda. Mtu anakaa na karata za aibu, unamtishia haogopi, anakufuata tu kama mbuzi anayefuata majani, mwishowe karata moja inaanguka anapata. Hiyo ni bahati. Nikienda kwenye pesa kweli nitakutana na watu wanaoelewa, na anayeelewa ndiye anayetishika. Nimelifikiria hili vizuri, usidhani nimekurupuka.

Bata naye kabadilika. Tangu mwanzo wa mwezi huu anacheza kwa nguvu, hakimbii ovyo, ananibana, anaongeza sarafu kama mtu aliyekasirishwa. Nikajua kasoma mahali, au mke kamwambia kitu. Na bado namshinda! Sasa niambie, hiyo si ithibati? Mtu kajitahidi wiki mbili nzima, uso umemtoka jasho, na bado Wembe unapita.

Kwa hiyo nimeshamwambia mwenye nyumba kwamba naondoka mwisho wa Mei. Mwenye saluni mpya ya pale barabarani anakitaka kile kiti. Kasema ni cha kizamani, atakiweka mbele watu wapige nacho picha. Sijamjibu bei.

Usiniandikie kuhusu duka tena. Niandikie habari zako.

Mjomba wako bado, hata ukinikasirisha

2 Mei

Mpwa wangu,

Sijapata barua yako nami naandika nyingine, ujue nimekukumbuka. Salamu kwa dada yangu. Huku kazi ipo, mwenye saluni kaja kukipima kiti kwa kamba, kisha kaja tena kukipima, kama kingekua.

Kioo kipya kitasubiri kidogo. Hiki cha zamani bado kinaonyesha.

Bata Mvivu haingii siku hizi. Nafungua, nakaa, naangalia ile nafasi yake tupu. Nimewauliza wengine wawili watatu humo ndani kama wamemwona, hawakunijibu. Labda anaumwa. Labda nilimkata sana. Ukifikiria, mtu unaweza ukamzoea bila hata kujua anakaa wapi.

Andika.

Mjomba

4 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na leo hii shikamoo naitoa kwa magoti. Wote wazima. Habari nyingine hakuna, na hata zingekuwepo leo zingesubiri.

Bata Mvivu ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikachana. Hii sitaichana. Ni mimi, Mjomba. Si karani, sina mke, na bosi wangu hanifokei, ananiogopa kwa sababu ya mama.

Nilipokuja msibani, watu walipoondoka, nilikufuata dukani jioni. Ulikuwa hujui niko mlangoni. Ulifagia nywele, ukazizoa, halafu ukabaki umeshika ufagio unaangalia kile kiti. Ulikaa hivyo mpaka nikaogopa. Nilitaka kuingia nikushike, nikashindwa, maana wewe mtu akikupa pole unampa utani, anaondoka anacheka na wewe unabaki pale pale. Ndipo nikakutilia ule mchezo. Nikaona nikiingia kama mpwa wako utajifanya mzima. Nikiingia kama bata utacheza tu.

Nilikuwa nakuachia. Nilikuwa nikipata karata nzuri nazitupa. Siku ile uliponitishia kwa mbili na saba, mimi nilishika ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Niliona jinsi ulivyofurahi, ulituma kofia saba mfululizo, nikasema basi, hiki ndicho kicheko nilichokuwa nakitafuta. Sikufikiria mbele. Kumbe nilikuwa nakujengea ghorofa juu ya mchanga, na wewe unahamia na vyombo vyako.

Ulipotaja duka nilishtuka. Nikasema sitamwambia, nitamshinda tu, aone mwenyewe. Ndiyo huyo Bata aliyebadilika. Na hapo nikapata aibu ya pili, Mjomba: sikuweza! Kumbe na mimi sijui. Nilidhani mimi ndiye mwalimu, kwamba siku nikiamua kushinda nitashinda, maana kushindwa nilikuwa nakujua sana. Nikaenda kujinoa kwenye meza ya watu sita. Nilinyonyolewa, nikabaki bata wa supu. Nikarudi kwako nikashindwa tena, kihalali, na kila ushindi wako ulikuwa unakusukuma mbali zaidi na duka.

Kwa hiyo wewe umenishinda mimi, na mimi siwezi kumshinda mtu. Ndicho kipaji chenyewe hicho. Tafadhali nenda kwa mwenye nyumba kabla mwezi haujaisha. Kiti usikitoe. Nikasirikie baadaye, nitakuja mwenyewe nikae hapo uninyoe upara.

Mama sijamwambia bado. Nitamwambia leo.

Mpwa wako, na bata wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma nikaitia kwenye kopo la poda. Nafasi ilikuwepo.

Ndiyo, kopo ni tupu. Nimeona bora na mimi niseme langu. Nilikaa na wale wa pesa kweli, nikawatishia, wakanitazama. Yaani hata kunitazama hawakunitazama, lakini umenielewa. Akiba ya kioo ilikwisha kwa muda wa kunyoa kidevu kimoja, na cha mtu asiye na ndevu. Nilifunga simu nikafagia duka mara ya pili. Hukusoma vibaya pale nilipoandika kuhusu kioo, nakujua.

Nilikukasirikia. Nataka ujue, nisije nikaonekana malaika. Siku mbili sikuzungumza na wateja, nikawanyoa kimya, mmoja akaniuliza kama nimefiwa tena. Nilijiona mzee anayechezewa kama mtoto anayeachiwa ashinde mbio. Miaka yote nimekukata nywele, najua hadi kile kikovu nyuma ya sikio lako, halafu nakaa na wewe jioni zote hizo nakuita karani! Msomaji wa watu, mimi huyo.

Siku ya tatu nilikumbuka wale wafalme wawili. Nikaanza kucheka peke yangu. Mpwa, na mimi nilikuwa nakuachia! Wewe unatupa ree kwa kunihurumia, mimi natupa wafalme kwa kumhurumia karani. Watu wawili wamekutana mlangoni: "Pita wewe." "Hapana, tangulia wewe." Na kila mmoja anaondoka akijisifu kwamba yeye ndiye hodari wa kupita mlangoni. Hatujui kucheza, mimi na wewe. Hatujawahi hata kucheza.

Sasa habari ya duka. Nilimsubiri mwenye nyumba aje kunyoa kama kawaida yake. Sikumwambia neno mpaka nilipompaka povu na kumlaza kichwa. Wembe ukiwa shingoni nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba nimebadilisha mawazo, nabaki. Akasema, "Aa, umechelewa. Kuna muuza simu, ameshakubali, tena kwa kodi ya juu zaidi. Labda na wewe uongeze." Mpwa! Koromeo lilipanda kabla hajasema "muuza". Lilipanda likasukuma povu mpaka kwenye wembe. Nikasimamisha mkono. Nikamwambia, "Basi mlete huyo muuza simu, nimkabidhi ufunguo mimi mwenyewe, kesho asubuhi." Koromeo likapanda, likashuka, likapanda. Kisha akasema, "Kodi ile ile ya zamani?" Nikamwambia ile ile. Akakubali upesi sana, ingawa watu watasema ni kwa sababu ya wembe.

Mwenye saluni nimemwambia akapige picha na kiti kingine.

Kisha lile swali lako la Februari, la njia. Nililiruka. Marehemu mke wangu alikuwa akija kila siku saa ya kufunga. Ulijua anakuja, hukujua anavyokuja. Alikuwa anaingia hasalimii, anakaa kwenye kile kiti, anavua viatu, na kuniuliza, "Umemaliza?" Anaona kabisa sijamaliza, nywele zimejaa miguuni pake. Mimi nasema, "Karibu." Tukimaliza anavaa viatu, tunarudi. Alipoondoka, jioni zikawa ndefu na kile kiti kikawa kinanitazama. Wakati wote niliokwambia nina kipaji, nilikuwa natafuta tu sababu nzuri ya kutokuwepo pale saa ile. Bata aliponitumia ua, kulikuwa na mtu anayeingia saa ile ile bila kubisha hodi. Alipoacha kuja nilimlilia, mpwa. Bata! Mtu mzima nalilia bata.

Nimekusamehe kabla sijamaliza kukasirika. Uliniona ukiwa pale mlangoni na hukuondoka tu. Hilo sitalisahau.

Mjomba wako

27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimelia kazini, daktari akadhani nimejichoma na mshumaa wa nta. Nashukuru kwa duka. Nashukuru kwa kila kitu.

Mama nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema, na meno hayakugongana hata mara moja, nikajua kuna hatari. Kisha akasema: "Yaani wewe uko huku, yeye yuko kule, mnakaa kila mtu na simu yake mnadanganyana kwa mapenzi. Na mimi dada yake sijaambiwa. Nipe begi." Anapanda basi Ijumaa. Anasema anakuja kuona unachokula, na kwamba atakaa mpaka achoke, na unajua mama hachoki. Jitayarishe, Mjomba. Ficha sufuria zilizoungua.

Ile sehemu ya kiti na viatu sikumsomea. Hiyo ni yako.

Bata ataendelea kuingia, kama hutajali, na safari hii hamwachii mtu. Tujifunze kweli, sarafu za bure tu. Ua litakuwepo.

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu, bata wangu,

Marahaba. Dada yangu kafika. Meno yako alikuwa kayaweka mkobani njia nzima, kayavaa pale kituoni ili anigombeze vizuri. Sufuria kaziona zote, hata niliyoificha kwa jirani. Nyumbani sina amani na nakula vizuri.

Leo nilimwambia apumzike, mimi nakwenda kazini. Mchana kutwa nilikuwa na watu. Jioni nilishusha mlango nusu, nikachukua ufagio, na simu nimeiweka pale kwenye rafu tayari kwa ajili yako. Mara mlango ukasukumwa. Mama yako, kaja kwa miguu kutoka nyumbani, kaulizia njia watu mpaka kafika. Hakunisalimu. Alisema miguu imemvimba kwa kutembea, akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akanitazama na nywele zote zile sakafuni.

"Wewe," akasema, "hujamaliza tu?"

Niligeukia kioo, nikajifanya nafuta ufa.

Nimemwambia karibu namaliza. Naandika haya haraka nikiwa nimesimama, ananiuliza naandika nini, na anataka tuondoke kabla giza halijaingia. Mwambie Bata leo asinisubiri.

Mjomba wako